Mtoto Wako Hajafika

Mama Mkwe alikuwa akichambua mchele upande mmoja wa meza, na mkwewe akiandika programu upande wa pili. Ndivyo zilivyokuwa asubuhi zao tangu mama huyo ahamie kwa mwanawe: ungo huku, kompyuta kule, na katikati chupa ya chai ambayo kila mmoja alimwachia mwenzake aimalize. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na sebule, na sebule ndiyo ofisi. Wakati wa kula ukifika, ofisi ilifungwa na kupelekwa kitandani.

"Mama Chiriku, leo huna safari?" aliuliza Mama Mkwe.

"Sina, mama. Leo natoa toleo jipya."

"Unalitoa wapi?"

"Hapa hapa."

Mama Mkwe akatazama huku na huku, hakuona kilichotolewa, akarudi kwenye mchele wake. Majirani walipomuuliza mkwewe anafanya kazi gani, alizoea kujibu, "Yuko kwenye kompyuta," kwa sauti ile ile ya mtu anayesema fulani yuko hospitali.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Mama Chiriku alikuwa ameandika programu ya shule za watoto wadogo. Asubuhi mwalimu hushika simu yake na kutia alama kwa kila mtoto aliyefika. Ikifika saa mbili na nusu, mzazi wa mtoto asiye na alama hupata ujumbe. Aliiandika peke yake, akaiuza peke yake, shule moja baada ya nyingine, akiketi kwenye vile viti vidogo vinavyofanya magoti yafike kifuani, akiwaeleza walimu wakuu waliokuwa wakimsikiliza kwa sikio moja. Sasa alikuwa na shule kumi na moja. Zilimlipa kwa mwezi, naye sehemu ya malipo hayo akainunulia ujumbe wa simu kwa jumla. Kilichobaki kilisaidia kodi na umeme.

Ila walimu walikuwa na lalamiko. Darasa la watoto thelathini, wakifika ishirini na wanane, kwa nini mtu ahangaike kutia alama ishirini na nane badala ya mbili? Walikuwa na haki. Toleo jipya lilikuwa la kuwaridhisha: sasa mwalimu angetia alama kwa wasiofika tu.

Saa mbili na nusu ikapita kidogo. Simu ikalia. Alikuwa Baba Chiriku, mumewe.

"Mtoto yuko wapi?" Hakukuwa na salamu wala nini.

"Shule. Nimemfikisha mwenyewe."

"Umemfikisha mpaka wapi?"

"Mpaka mikononi mwa mwalimu. Nimemvua koti mwenyewe, nikalitundika mwenyewe. Kuna nini?"

"Nimepata meseji hajafika!"

Mama Chiriku akaivuta kompyuta na kufungua ukurasa wa ujumbe uliotumwa, na orodha ikaanza kuteremka, ikateremka, haina mwisho. *Mzazi, mtoto wako hajafika shuleni leo. Tafadhali wasiliana na mwalimu.* Ujumbe huo huo, zaidi ya mara elfu moja, kwa shule zote.

"Chiriku yuko shule," alisema taratibu. "Wote wako shule. Ni mimi. Ni kosa langu."

Lakini mume alikuwa ameshakata simu.

Alikuwa amegeuza kila kitu isipokuwa mahali pamoja. Walimu sasa walitia alama kwa wasiofika, lakini ile sehemu inayotuma ujumbe ilikuwa bado inaamini kwamba asiye na alama ndiye hayupo. Basi kila mtoto aliyekuwa darasani akiimba, mzazi wake alikuwa ameambiwa haonekani. Na wazazi wa wale wachache ambao kweli hawakufika hawakuambiwa neno.

Akazima utumaji. Kabla hajafanya jingine, simu ya pili ikalia, ile ya kazi, ambayo namba yake iliandikwa chini ya kila ujumbe, mbele ya neno "Msaada". Akaipokea.

"Mwanangu yuko wapi?" Mwanamke alikuwa akilia waziwazi. "Mmempeleka wapi mwanangu?"

Akaeleza, akakosea, akaanza upya. Alipokata, ikalia tena. Akapokea. Akiwa bado anaongea, nyingine ikaanza kuita. Mama Mkwe akausukuma ungo pembeni, akajifuta mikono kwa kanga, akanyoosha mkono.

"Lete hiyo simu. Wewe rekebisha huko ulikokuwa."

"Mama, hutajua la kuwaambia."

"Watoto wako salama au hawako salama?"

"Wako salama. Wako madarasani."

"Basi najua la kuwaambia."

Na kweli alijua. Mkwewe, akiwa ameinamia kompyuta, alimsikia akiongea kama anayembembeleza mtoto mwenye homa. "Haloo? Ndiyo, mama. Vuta pumzi kwanza. Mtoto yuko darasani, hana neno. Ni mashine imesema uongo... Ndiyo, imesema uongo, nasi tunaishughulikia. Piga shuleni umsikie mwenyewe... Mimi? Mimi ni mama mkwe wake huyo aliyeitengeneza. Yupo, yuko hapa mbele yangu, uso umempauka, ukimwona utamhurumia... Eeh, tukana tu, baba, mimi nakusikiliza. Ukimaliza, piga shuleni."

Kosa lenyewe lilikuwa la mstari mmoja. Alilirekebisha upesi, akasoma mara tatu, akaogopa hata kugusa kitufe. Lakini kurekebisha hakukutosha. Wale watu walikuwa barabarani, wengine wameacha kazi, wengine wanakimbia. Ilibidi watumiwe ujumbe mwingine wa kuwatuliza, wote, mara moja. Akauandika. Akatuma. Kompyuta ikakataa.

Salio la ujumbe lilikuwa limekwisha. Ule uongo wote aliulipia yeye, na umemaliza kila alichokuwa nacho mpaka mwisho wa mwezi.

Akapitia simu yake. Hela iliyokuwemo isingetosha hata shule moja. Akampigia mumewe, hapokei. Akabaki ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Nini tena?" aliuliza Mama Mkwe, mkono umeziba simu.

"Natakiwa kununua ujumbe niwaambie watoto wapo. Sina hela."

Mama Mkwe akamtazama. Akamwambia aliyekuwa kwenye simu, "Subiri kidogo, baba, usikate," kisha akatoa simu yake ndogo kifuani. "Chukua zile za miwani."

"Mama, hizo umezikusanya—"

"Nimekuuliza kitu? Chukua. Macho yangu yamengoja tangu mwaka jana. Hao hawangoji."

---

Baba Chiriku alikuwa mwalimu wa udereva. Ujumbe ulimkuta kwenye kiti cha abiria, na kwenye usukani amekaa karani mmoja wa makamo aliyekuwa kwenye somo lake la nne na bado hajaizoea gia ya tatu.

"Kata kulia," alimwambia.

"Mwalimu, si umesema leo tunanyoosha moja kwa moja?"

"Kata kulia nimesema! Na ukanyage!"

Karani hakuwahi kuambiwa akanyage. Alikanyaga. Walifika shuleni huku gari likirukaruka, na Baba Chiriku akashuka kabla halijasimama.

Mtu angedhani kuna moto. Pikipiki zilitupwa ovyo mbele ya geti. Wazazi walikuwa wamejazana, mmoja na povu la kunyolewa kwenye shavu, mwingine na beji ya benki shingoni, mwingine amevaa viatu visivyofanana. Mlinzi alikuwa ameegemea geti kwa mgongo akipiga kelele kwamba wapo, wote wapo, na hakuna aliyemsikia. Mwishowe walimu wakaamua kuwatoa watoto uwanjani, darasa kwa darasa, wakiwa wameshikana mikono.

Kila mzazi aliyemwona wake alishusha pumzi kwa namna yake. Yule wa benki alichuchumaa chini pale pale. Chiriku, ambaye hakupewa jina hilo bure, alimwona baba yake kwa mbali.

"Baba! Umekuja kunichukua? Bado hatujanywa uji! Baba, mbona unatoka jasho? Huyo ni nani kwenye gari letu?"

Baba Chiriku alicheka huku machozi yakimlenga. Na ndipo nyuma yake, kwenye ngazi za geti, akasikia watu wanapiga ukelele.

Mwanamke mmoja aliyevaa aproni alikuwa amekuja akikimbia kutoka kwenye mgahawa alikokuwa mpishi. Alikuwa na mimba kubwa. Aliikosa ngazi ya mwisho, akaanguka kwa ubavu, na sasa amekaa chini ameshika tumbo, akiuliza swali moja tu, "Mwanangu yumo? Mwanangu yumo?" Mwalimu akamletea mtoto, mvulana mwenye makamasi, akamkumbatia bila kuinuka.

"Nani ana gari?" mtu aliuliza.

Baba Chiriku aliinua mkono. Wakamwingiza mpishi kiti cha nyuma; karani akakaa pembeni yake akimpepea kwa faili la masomo. Wakati wanafunga milango, yule mwenye povu shavuni alisema kwa sauti, "Huyo mtu wa programu akipatikana, afungwe. Nasema afungwe!"

"Ni mwanamke," mwingine alisema. "Wanasema anakaa tu nyumbani, anabonyeza bonyeza."

"Basi ndiyo maana!"

Wakacheka kwa hasira. Baba Chiriku alikuwa ameshika mlango wa gari, umbali wa hatua mbili. Hakusema kitu. Aliwasha gari akaondoka, na njia nzima masikio yalimwaka.

---

Mchana alirudi nyumbani, akamkuta mkewe amekaa mbele ya kompyuta iliyozimwa. Simu ya kazi ilikuwa imepoa. Ujumbe wa kutuliza ulikuwa umewafikia wazazi wote, na shule tatu zilikuwa zimeshapiga kusema hazitaki tena programu yake, asijisumbue kuja.

Akawasimulia habari ya mpishi. Mama Chiriku alisikiliza bila kupepesa.

"Mimba ya miezi mingapi?"

"Saba, wamesema. Wamemlaza. Wanamwangalia."

Kisha mume akafungua moyo. "Unajua kilichoniuma? Walikuwa wanakutukana, na mimi nimesimama pale kama gogo. Sikusema huyo ni mke wangu. Nimenyamaza."

"Ungesema nini?"

"Sijui. Lakini nimenyamaza." Akavua kofia, akaigeuza geuza mkononi. "Mama Chiriku, hii kazi iache. Tafuta ofisi, uajiriwe, ukikosea wakusimamishe wiki moja, urudi. Hii ya peke yako, ukikosea, mji mzima unakimbia. Hata mimi nimekimbia! Najua programu ni yako, najua mtoto umempeleka wewe, na bado nimemwendesha yule karani wa watu kama tunafukuzwa."

"Huko ofisini hakuna wanaokosea?"

"Wapo. Lakini hawakosei na namba yangu ya nyumbani."

"Hiyo namba ni ya kazi."

"Kazi yenyewe iko wapi? Si iko hapa, mezani, kwenye sahani zetu?"

Angeendelea, lakini Mama Mkwe alitoka chumbani amevaa gauni lake la kutokea na ameshajifunga kilemba.

"Mkimaliza kugombana mtaniambia," alisema. "Kuna mtu amelazwa. Tunaenda kumwona, au tunakaa hapa kuulizana nani ana namba ya nani?"

"Mama, watatufukuza," alisema mwanawe.

"Wakitufukuza, tutakuwa tumefika."

---

Baba Chiriku aliwashusha mama yake na mkewe langoni, akaenda kumchukua Chiriku shuleni. Wodi ya wazazi ilikuwa ghorofa ya kwanza, na nje ya mlango kulikuwa na benchi la chuma. Pale benchini alikaa mwanamume mpana wa mabega, mikono imejaa alama ndogo ndogo za cheche. Fundi wa kuchomelea vyuma, hakuwa hata amebadilisha ovaroli. Mama Chiriku alijua ndiye kabla hajaambiwa.

"Shikamoo," alisema, ingawa walikuwa rika moja. Ilimtoka tu.

Fundi akamtazama, akatazama mfuko wa matunda mkononi mwake, akamtazama tena. "Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye niliyetengeneza ile programu. Ile meseji. Nimekuja kuwaomba radhi."

Mtu huyo hakuinuka. Ingekuwa afadhali angeinuka. Alisema kwa sauti ya chini, polepole, kama mtu anayepima kila neno. "Mke wangu alikuwa anageuza mayai. Ameacha jiko linawaka. Amekimbia na mimba ile, jua lile, kwa sababu wewe umemwambia mtoto hayupo. Sasa wameniambia nikae hapa. Hawaniambii kingine. Na wewe umeniletea machungwa."

"Ndiyo," alisema Mama Chiriku. Machungwa yalikuwa mazito ghafla.

"Yaondoe."

Akayaweka sakafuni, nyuma ya miguu yake mwenyewe. Hakujua pa kuangalia. Watu wa benchi la pili walikuwa wamenyamaza wasikilize vizuri. Muuguzi mmoja alipita na toroli, akapunguza mwendo.

Mama Mkwe akaketi kwenye benchi, sio mbali sana na fundi, wala sio karibu. Hakumsemesha. Alikaa tu kama mtu ambaye naye ana mgonjwa humo ndani. Mama Chiriku alibaki wima. Aliona kuwa kuondoka ni vibaya na kukaa ni vibaya, akachagua kusimama.

Muda ulikwenda. Mlango ulifunguliwa mara kadhaa kwa ajili ya watu wengine. Kila ulipofunguka, fundi aliinua kichwa, na Mama Chiriku naye aliinua kichwa, na kila ulipofungwa wote wawili waliinamisha. Mara ya tatu au ya nne fundi aligundua hilo. Akamtazama kwa muda.

"Una watoto?"

"Mmoja. Yuko shule hiyo hiyo. Baba yake naye alipata meseji."

"Naye alikimbia?"

"Alikimbia. Yeye ndiye aliyemleta mkeo hapa na gari."

Fundi akageuka. "Yule wa gari la kufundishia?"

"Ndiye."

"Hakusema."

"Aliona aibu," alisema Mama Chiriku. "Kwa ajili yangu."

Hapo mkunga akatoka. Alikuwa mama mnene mwenye haraka, glavu bado mkononi. "Mume wa mpishi?" Fundi akasimama kama amechomwa. "Haya, acha kukunja uso. Mama hana damu inayotoka, mapigo ya moyo ya mtoto ni mazuri kabisa, tumeyasikiliza mara mbili. Ubavu umevilia tu. Tutakaa naye mpaka kesho tumwangalie, na baada ya hapo apumzike nyumbani. Apumzike, nimesema, si apumzike akipika. Amenituma nikuulize nani amezima jiko."

Fundi alifunika uso kwa viganja vyake viwili, mabega yakamtetema. Alipovitoa, ilionekana alikuwa anacheka, na pia analia, na hakujali kipi. "Jiko," alisema. "Anauliza jiko!"

Mama Chiriku alishika ukuta. Mama Mkwe akasogea, akapiga piga benchi kwa kiganja, na mkwewe akaketi, kwa mara ya kwanza tangu wafike.

Walipoinuka kuondoka, fundi aliwaita. "Hayo machungwa," alisema bila kumtazama mtu. "Yasibaki hapo sakafuni. Ataniuliza nani ameyaacha yakanyagwe."

---

Mkurugenzi wa shule ile, ambayo ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote kumi na moja, aliitisha kikao cha wazazi Jumamosi. Alimpigia Mama Chiriku mwenyewe. "Utakuja useme mbele yao. Mimi nimetukanwa siku tatu. Nawe uje upate fungu lako."

Darasa la mkutano lilikuwa limejaa. Wazazi walikaa kwenye viti vya watoto, magoti kifuani, na jambo hilo halikumsaidia mtu kupunguza hasira. Mama Chiriku alisimama ubaoni, chini ya picha za herufi. Mumewe alikaa nyuma kabisa. Mama Mkwe alikataa kubaki nyumbani. Alisema sauti yake wanaijua, waijue na sura.

Alieleza kwa maneno mepesi. Walimu walitaka kupunguziwa kazi. Yeye akageuza namna ya kutia alama, akasahau kugeuza mahali pa kutuma. Alijaribu kuweka alama, akaona inakubali, akaridhika, hakujaribu kutuma. "Sikuibiwa, mtandao haukukatika, kompyuta haikuharibika," alisema. "Mimi ndiye niliyeharakisha. Naomba mnisamehe."

Yule wa povu, leo akiwa amenyoa vizuri, alisimama. "Tukusamehe, halafu? Kesho utageuza tena kitu kingine, sisi tutupe kazi tukimbie?"

"Na kwa nini mtu mmoja tu?" aliuliza mama wa benki. "Kwetu mtu mmoja hawezi kutoa hela peke yake. Lazima wa pili athibitishe."

"Hana ofisi huyu!" sauti ikatoka pembeni. "Anafanyia sebuleni! Nani asiyejua?"

Kicheko kikapita. Ndipo kiti kikakwaruza nyuma, na mumewe akasimama, kwa shida kidogo kwa sababu kiti kilikuwa kimemkaba kiunoni. Kilining'inia kidogo kabla hakijaanguka, na watu wakacheka tena.

"Ni kweli anafanyia sebuleni," alisema. "Najua kwa sababu sebule ni yangu. Huyu ni mke wangu. Siku ile nilikuwa getini pamoja nanyi, nikasikia mliyosema, nikanyamaza. Leo sinyamazi. Mimi pia nilipata hiyo meseji, na nilikaribia kumuua mwanafunzi wangu kwa woga. Nikafika, nimekasirika. Lakini tangu hiyo programu ianze, kila asubuhi ambayo simu yangu haijalia, nimefanya kazi nikijua mtoto yupo. Asubuhi ngapi hizo? Hizo hatujazihesabu. Ni hayo tu." Akaokota kiti, akakaa.

Mkurugenzi akagonga meza. "Tusifanye mahakama. Nauliza jambo moja. Wanaotaka ujumbe ukome kabisa, wanyooshe mikono."

Mikono michache ikanyooka. Watu wakageuka kuangaliana. Kisha mtu aliyekuwa ameegemea mlango, ambaye Mama Chiriku hakumwona akiingia, akakohoa. Alikuwa fundi wa kuchomelea.

"Mimi nimetumwa," alisema. "Mke wangu yuko nyumbani, amekatazwa ngazi. Amesema hivi, na mimi nasema kama alivyosema. Programu ibaki. Lakini isitume kitu mpaka mwalimu aulizwe kwanza: hawa na hawa hawajafika, ni kweli? Mwalimu akisema ni kweli, ndiyo itume. Amesema hata jikoni, oda kubwa ikija, anamuuliza mhudumu mara ya pili." Akageukia mlango. "Na amesema machungwa yalikuwa matamu."

Mama wa benki akatikisa kichwa kwa kukubali. "Hiyo ndiyo ya mtu wa pili niliyosema mimi."

"Inawezekana?" mkurugenzi alimuuliza Mama Chiriku.

"Inawezekana. Nitaimaliza kesho. Na safari hii nitaijaribu kwa namba zetu sisi watatu kabla ya kugusa ya mtu mwingine."

Waliotaka ujumbe ukome walihesabiwa tena. Walikuwa wamepungua.

Wakati wa kutoka, mkurugenzi alimshika mkono pembeni. Alimwambia kwamba mwezi huu hatamlipa. "Na mwezi ujao nitakulipa nusu, mpaka nione." Haikuwa habari ya kushangilia. Shule tatu zilikuwa zimekwenda, hela za miwani zilikuwa zimekwenda, na mume angelazimika kuongeza masomo ya Jumapili. Lakini Mama Chiriku alitembea kuelekea nyumbani akijiona mwepesi, kama mtu aliyeshushiwa gunia. Nyuma yake alimsikia Mama Mkwe akimwambia mzazi mmoja, "Ndiyo, ni mkwe wangu. Anatengeneza programu. Ukiwa na shule, sema tu, namba ninayo."

---

Jumatatu asubuhi hakuna aliyekunywa chai. Baba Chiriku alikuwa amewaambia wanafunzi wake wamngoje. Alisimama mlangoni na ufunguo wa gari mkononi, akijifanya anatafuta kitu. Mama Mkwe alikuwa ameishika simu ya kazi kwa mikono miwili.

Ilipofika saa yenyewe, swali likaenda kwa walimu: hawa hawajafika, ni kweli? Mmoja baada ya mwingine wakajibu. Kweli. Kweli. Mwalimu mmoja akafuta jina. Mtoto alikuwa amejificha chooni. Mwingine akajibu kweli. Kisha programu ikatuma.

"Wangapi?" aliuliza mume.

"Thelathini na sita. Shule zote nane."

"Ni wengi?"

"Ni kawaida ya Jumatatu."

Nje, muuza vyombo alipita akigonga sufuria. Simu haikulia. Mume alianza kuzungusha ufunguo kidoleni, na hapo simu ikalia.

Mama Chiriku akafumba macho. Mama Mkwe akapokea, akabonyeza sauti isikike na wote.

"Haloo? Msaada hapa."

"Haloo," ilisema sauti ya mwanamke. "Nimepata meseji kwamba mtoto wangu hajafika shuleni."

Sauti ya Mama Mkwe haikutetereka. "Ndiyo, mama. Na wewe, ulimpeleka?"

"Sikumpeleka. Yuko hapa, amelala, tangu jana anatapika."

"Kwa hiyo hajafika."

"Hajafika."

"Pole sana kwa mtoto. Mpe maji kidogo kidogo." Mama Mkwe akamtazama mkwewe, akairudia simu. "Sasa, mama, tukusaidie nini?"

"Hapana, mimi sina shida. Wiki ile nilikuwa mmoja wa waliokimbia, niliwatukana sana. Leo nimeona nipige niwaambie mmepatia."

Mama Mkwe alishukuru, akamwombea mtoto, akakata. Akaiweka simu mezani taratibu, kama yai.

"Anasema tumepatia," aliwaambia, kana kwamba hawakusikia.

Mama Chiriku akaanza kucheka, kwanza bila sauti, kisha kwa sauti, mpaka akashika mbavu. Mume akaangalia saa. Alikuwa amechelewa vibaya. Akavuta kiti, akakaa nao, akamimina chai.